Kamba za Nyahula

Mkalia mzigo hachimbi kisima. Mama yenu amemrushia kaka yenu Yoramu maneno hayo asubuhi, nanyi mkacheka, kisha mkaja kwangu kuuliza yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Yalizaliwa hapa hapa Nyahula, siku ya Alhamisi, na kati ya walioyasikia yakizaliwa tumebaki wawili. Mwenzangu hasikii vizuri siku hizi, kwa hiyo mtaamini ninayosema mimi.

Chanzo chake ni hiki.

Nyahula mnayoijua, yenye lami na benki na vijana wanaokodolea simu hadi wanajigonga kwenye nguzo, haikuwepo. Palikuwa na stesheni ndogo ya kupishania treni na nyumba tisa za mabati za wafanyakazi wa reli, basi. Maji ya kunywa yaliletwa na behewa la tangi kila wiki. Likichelewa siku mbili, tulinusa chupa.

Mimi nilikuwa bibi harusi wa miezi minne, nimeletwa na babu yenu aliyekuwa fundi wa njia. Nilivyofika niliona jambo nikadhani hawa watu wamerogwa. Kila nyumba ina mafurushi nyuma ya mlango, yamefungwa kwa kamba za katani, tayari kwa safari. Mwanamke akitaka mwiko, anafungua furushi. Akimaliza kusonga ugali, anaosha mwiko, anaurudisha, anafunga. Kila mtu alingoja uhamisho. Ukimwambia mtu apande mpapai, anakushangaa: "Mpapai? Mwezi ujao mimi sipo." Mwenye kusema hivyo yuko hapo mwaka wa saba!

Tulilala na masikio nje. Treni ikipiga honi mbali, mtu anasimama na tonge mkononi. Ikipita bila barua, anakaa, ila hakai vizuri. Mimi nami baada ya miezi miwili nilikuwa mrogwa kama wao. Nilitaka kurudi mjini kwa mama yangu, nikafunga furushi langu kwa kamba mpya, ndefu kuliko za wote, nikajisifu nayo.

Aliyekataa ni Nyanzala peke yake, mke wa Mbeleje wa genge la vibarua wa reli. Alikuwa ameshahamishwa vituo sita. "Nimepanda mihogo mara sita," alisema, "na mara zote sita wamekula wengine. Hapa nitakula mwenyewe au nitakufa hapa hapa." Tukamcheka. Mihogo, na maji yako ndani ya behewa!

Basi ofisi kubwa ikaleta barua. Behewa la maji litakoma mwisho wa mwezi. Alhamisi ya wiki ya pili litakuja behewa tupu kuwachukua wote wanaotaka kuhama. Nyahula nzima ikapiga vigelegele. Nyanzala na mumewe wakachukua sururu na ndoo, wakaenda nyuma ya stesheni, wakaanza kuchimba. Mume ndani, mke juu anavuta udongo. Siku kumi na mbili. Tukipita tunawauliza, "Mmeshafika kuzimu? Tusalimieni wazee!" Nyanzala alimwaga udongo, akashusha ndoo tena. Alivuta tu.

Alhamisi ikafika. Saa tatu tulishajipanga kwenye jukwaa la stesheni, kila mtu amekalia mzigo wake. Hapakuwa na kipande cha kamba Nyahula ambacho hakikuwa kimezunguka godoro au sufuria. Watu hawatulii. Huyu anasimama kuchungulia reli, yule anakaza fundo lililokwisha kazwa.

Ndipo tukamwona Nyanzala anakuja mbio, hana khanga kichwani, mkononi ana kipande cha kamba kilichokatika.

"Nipeni kamba! Maji yametoka, na udongo unamwagika kutoka kuta za kisima. Mbeleje yuko chini na kamba imekatika!"

Bwana Kaduma, mkuu wa stesheni, akatazama saa yake. "Mama Nyanzala, treni imeshaondoka stesheni ya nyuma. Robo saa itakuwa hapa. Tukifungua mizigo, tutapandaje?"

"Na mume wangu, Bwana Kaduma, yeye umempimia robo saa ngapi?"

Watu wakatazama miguu yao. Nyanzala hakungoja. Alimwendea Kaduma mwenyewe, akamwinua kwa ukosi wa koti kama anainua kuku, akang'ata fundo la furushi lake kwa meno. Furushi likapasuka. Zikamwagika suruali za mkuu wa stesheni, zote zina viraka makalioni. Hapo ndipo tulipojua kwa nini hakuvua lile koti refu hata jua likiwaka.

Mtu mmoja akacheka, na kicheko kikafungua mikono. Mwenye godoro akafungua godoro, mwenye kitanda akafungua kitanda. Masufuria yakabingirika, kuku wakatawanyika. Tukaunga kamba na kamba, fundo juu ya fundo, tukakimbilia kisimani. Sijasema mimi nilitoa yangu. Nilikimbia na furushi langu kichwani, nikalikalia pale pale ukingoni, niangalie.

Kamba ikashushwa. Kutoka chini Mbeleje akaita, "Bado! Sifikii!" Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye maji kifuani.

"Imebaki kiasi gani?"

"Pima mbili! Haraka jamani, udongo!"

Wakati huo huo treni ikaingia stesheni. Gadi wa treni akapuliza filimbi. Watu wote wameshika kamba, lakini shingo zimegeukia kule. Babu yenu akaniambia kwa upole, "Mke wangu, simama." Nikajifanya sisikii. Jamani, mama yangu alikuwa mwisho wa reli ile! Nimeshamwona ananipokea.

Nyanzala akanigeukia. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

"Mwanangu," akasema, "kamba ya kumtoa mume wangu umeikalia."

Nikasimama.

Nilifungua mwenyewe, filimbi inalia mara ya pili. Tukaunga. Kamba ikashuka. Mbeleje akajifunga kiunoni, akapiga ukelele, nasi tukavuta, wanaume na wanawake, Kaduma mbele na koti lake. Filimbi ya tatu ililia tukiwa katikati. Hakuna aliyeachia, ila nilisikia mtu nyuma yangu analia kwa hasira huku anavuta. Treni ikaondoka na behewa lake tupu.

Mbeleje akatoka kama kambare, tope hadi masikioni. Akatema mchanga, akatuangalia wote.

"Mbona hamjaenda?"

"Tumekosa kamba," akasema Kaduma.

Nyanzala alikuwa ameketi chini, kichwa cha mumewe mapajani. Akatutazama mmoja mmoja, na mimi akanitazama zaidi. "Siku kumi na mbili mlikuwa mnapita hapa," akasema. "Mkalia mzigo hachimbi kisima."

Behewa jingine tuliambiwa litakuja baada ya mwezi. Mwezi ule tulikunywa maji ya Mbeleje, na kamba zetu zikabaki kisimani kuvutia ndoo. Hebu fungeni mizigo bila kamba! Wafugaji wakaleta ng'ombe kunywa, wakaja wauza chumvi kwa sababu ya wafugaji, ukawa mnada. Mnada ukaleta mashine ya kusaga, mashine ikaleta watu, watu wakadai shule, kisha zahanati, kisha umeme, na sasa wanadai uwanja wa ndege, wendawazimu hawa. Behewa lile la baada ya mwezi lilipokuja, Kaduma alisema amepanda mpapai, anangoja kwanza papai lake liive.

Nami nilisema nitakaa hadi masika tu. Nimezaa saba hapa, nimezika babu yenu hapa, na mihogo yangu nimeila mwenyewe. Ila ile Alhamisi, wajukuu zangu, kabla sijasimama, nilimsikia mtu anazama huku nimekalia kamba yake. Kwa hiyo mama yenu akisema, msicheke. Mkalia mzigo hachimbi kisima.