Kidau cha Wino na Visima vya Wandeke

Katika mji wa Halwani alitawala Sultani Mundhiri, na katika mwaka wa saba wa enzi yake aliwafukuza Wandeke kutoka bondeni mwao, wakavuka mto na watoto wao migongoni. Kisha akamwita katibu wake, Idarusi, akampa kidau cha wino kilichofungiwa jini, akamwamuru avipe majina mapya visima arobaini vya bonde lile. Na jina jipya likikauka karatasini, la zamani hutoweka katika kila ulimi duniani.

Idarusi alikuwa amefiwa na mkewe, Mndeke. Na Wandeke humwita mtoto wa kike kwa jina la kisima ambacho alioshwa kwa maji yake siku ya kuzaliwa. Basi akaandika visima thelathini na tisa, akakiruka cha mkewe.

Jini akachungulia kutoka kidauni. "Bwana katibu, umeishiwa wino au ujasiri?"

"Nyamaza, mtumwa wa chupa!"

"Sote tunakula kwa Sultani, bwana wangu. Mimi walau nilifungwa kwa nguvu."

Sultani alipoipitia orodha akauliza, "Idarusi, mwanangu, mbona kimoja kimekosekana?"

"Maulana, nakuomba hicho uniachie. Ndilo jina la marehemu mke wangu."

Sultani akasikitika kweli, akamshika bega. "Basi kipe jina ulipendalo wewe, la kumuenzi."

Hapo Idarusi akakosea, maana maneno yale yalikuwa ya upole, naye alikuwa amechoka kukataa. Akaandika: Kisima cha Mpenzi. Wino ukakauka.

Akatunukiwa jumba na mashamba, akaozwa Salha, mpwa wa Sultani, mwanamke mwema, ambaye mwenyewe aliandaa khitma ya marehemu.

"Tumwombee nani, bwana?" akauliza sheikh. "Fulani binti nani?"

Idarusi alikumbuka kikohozi cha marehemu, na alivyonuna chumvi ikizidi. Jina halikuja.

Akapanda farasi, akavuka mto. Huko wanawake wa Kindeke walikuwa wakiitana kwa kupigiana makofi. Akampata mkwewe.

"Mama, binti yako aliitwa nani?"

Bibi akajibu, "Nilidhani wewe, mwanangu, ndiye uliyebaki nalo."

Akarudi kwa mkewe mwema na mali yake, akaishi miaka mingi. Nanyi mliosikia, aliyewaondoa watu kwao akiwakabidhi ninyi kalamu, hata kwa maneno matamu, mrudishieni.