Kibao cha Bi Somoe

Bi Somoe, mshona kanzu, alikuwa na kibao kidogo cha mbao kando ya duka kubwa la fanicha la Bwana Mbaruku. Siku moja ikatoka amri ya manispaa kwamba bango la duka ambalo halitamulikwa na taa magharibi ya Ijumaa litang'olewa.

Bwana Mbaruku akachekelea. "Dada Somoe, umeme huna. Kikishuka hicho kibao, ukuta wote nautandazia jina langu."

"Tandaza tu, kaka. Ila wanawake wa sokoni wana maneno, na mimi nisitajwe."

"Wanasemaje?"

"Eti marehemu baba yako akipika pilau, harufu ilifika mtaa wa tatu. Wewe hata taa yako inaishia kwenye herufi ya mwisho ya jina lako."

"Mimi mchoyo?"

"Nimekutetea mpaka sauti imenikauka!"

Alhamisi fundi wa Bwana Mbaruku akapanda ngazi, akafunga taa mbili kubwa kama masinia. Ijumaa jua lilipozama, ukuta mzima ukawaka. Afisa wa manispaa akaja na daftari, akasoma kibao cha Bi Somoe bila hata kufinya macho.

"Kimemulikwa," akaandika.

"Taa ni zangu!" akafoka Bwana Mbaruku.

"Amri haikuuliza taa ni za nani. Ukizizima, na bango lako linashuka."

Bi Somoe akasogeza kigoda kwenye mwanga, akatunga uzi kwenye sindano.

"Kesho nitawasuta wale wa sokoni, kaka. Roho yako inafika mpaka kwangu."