Nukta Juu ya Kikombe cha Sita

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa Uajemi, zama za watu walioogopa dhuluma kuliko njaa, aliishi mwanamke mcha Mungu aitwaye Nilufari binti Behruzi, mchoraji wa vyombo vya kauri. Maua yake yalisifiwa hata na wasiozoea kusifu. Lakini herufi? Thubutu! Ustadh Jamshidi, mkuu wa wachoraji, alikwishakata shauri: "Mwanamke na maua, sawa. Maneno matukufu mtuachie wenyewe." Wenyewe! Kana kwamba wino nao una ndevu.

Ikatokea wajane wa mji wakataka kumtunuku Kadhi Abulfathi, Mola amrehemu, aliyewarudishia haki zao. Kadhi huyo aliipenda chai mno, hata wanafunzi wake wakamtania kwamba anatawadha kwa maji kwa sababu tu sheria haikutaja chai. Wakamwagiza Nilufari birika na vikombe sita, kila kikombe kiandikwe neno *rahma*, yaani rehema. Jamshidi aliridhia kwa sharti moja: likionekana kosa, Nilufari hatashika tena kalamu ya herufi maisha yake yote.

Asubuhi ya siku ya kukabidhi, Jamshidi akaja kukagua. Akaligeuza birika, akavigonga vikombe kwa ukucha, akakunja uso. Mwishowe akasema shingo upande, "Sijaona kosa." Nilufari akasujudu kumshukuru Mola wake.

Alipokuwa akivifuta vikombe, akakisogeza kimoja kwenye mwanga. Juu ya herufi *re* ya kikombe cha sita palikuwa na nukta. Tone la buluu, dogo kama mbegu ya ufuta, lilikuwa limedondoka kabla vyombo havijaingia tanurini. Kwa nukta hiyo moja *re* imekuwa *ze*, na *rahma* inasomeka *zahma*. Kadhi alikuwa anapelekewa rehema tano na zahama moja.

"Dada, hicho mpe mgeni asiyejua kusoma," akasema mdogo wake, Zarina. "Tena mtilie sukari nyingi, asipate hata nafasi ya kukitazama."

Nilufari akacheka, kisha machozi yakamlengalenga.

"Mkaguzi mwenyewe kasema hajaona," Zarina akasisitiza. "Wewe utajitia kitanzi kwa mkono wako?"

"Yeye hajaona, mdogo wangu. Mimi nimeona."

Baada ya swala ya alasiri wakaingia barazani kwa Kadhi pamoja na wajane na Jamshidi, kwa vigelegele. Chai haijamiminwa, Nilufari akasimama. "Maulana, kikombe kimoja kina kosa, na kosa ni langu."

"Sikusema mimi?" Jamshidi akaruka. "Sikusema?"

Kadhi akakipokea kikombe, akasoma, akaangua kicheko hata kilemba kikamlegea. "Hiki ni changu, asikiguse mtu! Kila anayekuja kwangu huniletea zahama, akitaka atoke na rehema. Hakuna aliyepata kuniandikia kazi yangu vizuri hivi." Kisha akageuka. "Ustadh, ulivikagua?"

"Nilivikagua, Maulana."

"Na nukta?"

Jamshidi akatazama mkeka, kisha wajane, kisha tena mkeka. Naye, Mola amghufirie, alikuwa na chembe ya uchaji Mungu. "Wallahi, nilikuwa nawinda kosa la mwanamke," akasema taratibu. "Sikusoma hata neno moja."

Baraza zima likaangua kicheko, na Jamshidi mwenyewe akacheka mpaka akafuta macho. Akachomoa kalamu yake kiunoni, akamkabidhi Nilufari kwa mikono miwili. "Shika, ustadha. Kesho nifundishe kuona." Wajane wakapiga vigelegele, na birika likajazwa mara nne.

Enyi waumini, tazameni ni nani aliyesoma siku ile, na ni nani aliyepewa cheo cha kusoma. Wangapi leo wanapimwa na watu ambao hawajafungua hata ukurasa wao! Mola atujaalie ujasiri wa kutaja kasoro zetu kabla hatujaulizwa, na haya ya kutowawindia wenzetu za kwao. Amin.