Mtamba wa Nyota Yenye Manyoya

Hapo zamani, nilipokuwa na nywele nyingi na akili kidogo, nilimchumbia msichana aitwaye Namsifu. Nywele zimekwisha. Akili bado naisubiri.

Jioni moja Namsifu alininyooshea kidole upande wa kusini. "Mbonea, nyota ile si kama nyingine. Ina manyoya. Nadhani ni nyingi, zimejibana."

Nikatazama, nikaona kinyota hafifu, nikacheka. Nikaenda kuwatangazia vijana wenzangu kwamba mchumba wangu ana macho mabovu, nao wakamwita Manyoya. Kisha nikavunja uchumba, eti sitaki watoto wenye ukungu machoni. Kwa desturi yetu ya milimani, anayevunja hadai kitu. Ng'ombe wa mahari wa baba yangu akabaki kwao.

Namsifu akaolewa na mwingine, akafiwa na mume, akazeeka, na jina la Manyoya likazeeka naye. Miaka arobaini baadaye mtu alimwita hivyo mbele ya wajukuu wake, kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Namsifu akatua debe lake la mahindi. "Nina mtamba mmoja wa ng'ombe," akasema. "Atakayenisafishia jina langu, ni wake."

Roho ikaniuma. Mimi ni fundi saa, na nina darubini kuukuu niliyoinunua mnadani. Kesho yake jioni nikaibeba mgongoni mpaka uwanja wa mashine, maana ndipo kusini kunapoonekana vizuri. Lakini taa kubwa ya pale iliimeza mbingu yote. Mrutu, mwenye mashine, akazima taa, akazima na mashine iliyokuwa ikitikisa uwanja, tena msimu wa mavuno. Nusu ya wateja wakabeba mahindi yao wakaenda kusaga ng'ambo ya korongo.

Nikachungulia. Pale penye nyota ya Namsifu nikaona doa. Nikafuta kioo kwa shati, nikachungulia, doa lipo. Nikatema mate, nikafuta tena. Doa lipo.

"Fundi, ukimaliza hapo futa na mwezi," mtu akasema, na foleni ikacheka. Haki yao.

Nakijwa, mshona nguo, akanisogelea. "Acha kufuta, Fundi. Sukuma bomba kidogo." Nikasukuma, doa likatoka. Nikarudisha, likarudi. "Uchafu wa kioo ungekifuata kioo," akasema. "Hilo liko juu. Na usilikodolee. Tazama pembeni yake, kama unavyomtazama mkweo."

Nikatazama pembeni. Doa likapasuka punje punje, kama mtama uliomwagwa kwenye mkeka, katikati umerundikana hauhesabiki. Zilikuwa nyota. Zilikuwa nyingi, zimejibana. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Foleni nzima ikachungulia, mmoja mmoja. Yule aliyemwita Manyoya akasema, "Nisamehe, bibi." Mwisho akachungulia Namsifu mwenyewe, lakini mtoto wa jicho alikuwa ameshamfunika macho, hakuona kitu.

"Pole," nikamwambia.

"Ya nini? Mimi nilishaiona."

Mtamba akaletwa. Mrutu akasema, "Giza ni langu. Nimekosa nusu ya wateja wa jioni. Taa ingewaka, mngeona nini?"

Nakijwa akasema, "Giza lilikuwepo, darubini ilikuwepo, na Fundi alikuwa anafuta. Bila mimi angekuwa anafuta mpaka sasa."

Nami nikasema, "Darubini ni yangu, na mgongo ulioibeba ni wangu. Tena jina nililichafua mimi. Nani alisafishe, kama si aliyelichafua?"

"Kwa hiyo mwizi akirudisha kuku apewe na jogoo?" Nakijwa akauliza.

Namsifu akacheka, kisha akampapasa mtamba shingoni. "Kabla hamjagombana, mjueni huyu ni nani. Ni uzao wa yule ng'ombe wa baba yake Mbonea."

Nikasema, "Nikipewa mimi, nitamrudisha kwako."

"Umrudishe kama nini, Mbonea? Fidia, au mahari?"

Nikachukua shati, nikaanza kufuta kioo kilichokuwa safi.

Mpaka leo mtamba amefungwa kwa Namsifu, anasubiri hukumu. Je, nani alistahili: mwenye giza, mwenye akili, au mimi? Na mkisema ni mimi, nifunzeni pia: Namsifu nimjibu nini?