Kidole cha Mbeyu na Mistari ya Kobe

Nyie mnaomgonga kobe mgongoni mkidhani ni ngoma, tulieni. Kabla bibi zenu hawajazaliwa, gamba lake lilikuwa kipande kimoja, laini kama kibuyu, halina mstari hata mmoja. Na kila mtoto wa kwetu alipozaliwa, siku hiyohiyo alitafutiwa kobe mdogo wa kulelewa naye. Mtoto akiogeshwa, kobe naye huogeshwa. Mtoto akipakwa mafuta ya nazi, kobe naye hupakwa, kisha huwekwa penye ubaridi nyuma ya mtungi wa maji. Watu waliamini kwamba kobe akifa, mtoto wake humfuata.

Mbeyu alikuwa amezika watoto wawili, akabaki na Nyamvua peke yake. Asubuhi moja akimpaka mafuta kobe wa Nyamvua, kidole gumba kilididimia. Gamba lilibonyea kama papai bivu, na harufu ya kuoza ikatoka. Akamtazama binti yake aliyekuwa akinywa uji, akamgusa shingo kuona kama ana homa. Hakuwa nayo.

Kwa hofu, hakumwambia mtu. Akazidisha mafuta, akawa anamwosha kobe mara mbili kwa siku. Siku ya tatu mabaka meupe yakaenea na kobe akakataa mchicha. Siku ya nne Nyamvua naye akasema hataki uji. Hapo Mbeyu alimfunga kobe kwenye kanga, akakimbia kwa shangazi yake, Sidi, mfinyanzi wa vyungu.

"Shangazi, mwanangu atakufa?"

Sidi alimnusa kobe, akakunja uso. "Ya mtoto siyajui, mwanangu. Mimi najua vyungu. Huyu umemfungia unyevu ndani, na bado unamziba kwa mafuta. Vyungu vyangu nikivifanyia hivyo, motoni hupasuka vyote, sipati hata kimoja."

Akakwangua palipooza taratibu, akaosha kwa maji ya chumvi, akafuta, akamweka kobe juani. Haukupita muda, gamba likaanza kulia: ta, ta. Mistari ikapita mgongoni, huku na huku. Mbeyu aliruka kumwokoa. Sidi akamkamata mkono, akamshikilia hivyo hadi unyevu wote ulipokwisha kutoka kwenye mistari ile. Alasiri kobe alinyoosha shingo, akauma jani la mchicha. Mbeyu hakungoja hata kushukuru. Alikimbia nyumbani, akamkuta Nyamvua anakomba sufuria ya uji. Akakaa kizingitini, akalia.

Na tangu siku hiyo kobe ana mistari mgongoni, na jua likichomoza hutoka kulitafuta. Hapakwi tena mafuta. Ila hofu ya Mbeyu haikuisha, tumeirithi. Kila asubuhi, kabla ya kumpa kobe majani, mama wa kwetu hubonyeza gamba kwa kidole gumba, pumzi ameibana, kisha hunusa. Ukimkuta hivyo usimsalimie. Ngoja kwanza apumue.