Gari la Bwana Kifaru Lapiga Hodi

Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana magari yalikwisha kuwapo, tena yale yenye mdomo, aliishi Bwana Kifaru. Mnacheka? Ngojeni kwanza. Hiki ni kisa cha kuudhi.

Bwana Kifaru alikuwa na nguvu nyingi na macho mabovu. Hatua kumi mbele yake palikuwa ukungu mtupu. Basi akanunua gari lenye jicho puani, jicho la kuona hatari, kupiga kelele na kufunga breki lenyewe.

"Sasa nimepona!" akasema.

Amepona wapi! Lilimtia wazimu. Kivuli cha wingu kikipita, "Tii! Tii! Tii! Hatari!" Breki, kwii! Pembe kwenye kioo, ngo! Jani kavu, tii! Mfuko wa nailoni, tii! Siku moja lilikataa kutoka uani nusu saa nzima kwa sababu ya shuka la mkewe lililoanikwa kwenye kamba.

"We gari, nyamaza!"

"Hatari!"

"Hatari gani? Shuka hilo!"

"Hatari!"

Mtaa mzima ulisikia ugomvi huo.

Sasa, kando ya njia ile alikaa Mama Tunu, digidigi, na mwanawe mmoja tu, Tunu. Mlango wao ulitazama barabara. Na jicho lile lililoogopa jani halikuwahi kuwaona digidigi. Wafupi mno! Jumatatu gari likapita, vuu! likavunja mtungi. Jumatano likakanyaga kiatu cha Tunu, na mguu ulikuwa umetoka humo wakati uleule.

Mama Tunu akaenda kwa Kifaru kwa hasira.

"Shikamoo, Bwana Kifaru. Nusura uniulie mtoto."

"Marahaba. Lini?"

"Leo! Mlangoni pangu!"

"Gari lilisema?"

"Halikusema."

"Basi hapakuwa na mtoto."

"Nimemzaa mwenyewe, Bwana!"

"Gari halikusema," akarudia Kifaru, akafunga mlango.

Mama Tunu akarudi nyumbani akilia, mpaka akachoka kulia. Akatazama kanga yake iliyoanikwa uani. Akalikumbuka shuka lile. Machozi yakakauka hapohapo.

Ijumaa asubuhi Bwana Kifaru alikuwa anakwenda kwa Mzee Tembo kumposea mpwa wake mchumba. Mshenga hachelewi, nanyi mnamjua Mzee Tembo, hangoji mtu. Gari likaja, vuu! Mama Tunu ameketi mlangoni, mkononi ana kamba yenye kanga, iliyolazwa njiani na kuzunguka mti wa ng'ambo ya pili. Akavuta, akaikanyaga kwa kwato. Kanga ikainuka katikati ya njia, pwa!

"Tii! Tii! Tii! Hatari!" Kwii! Ngo!

"Nini tena?" Kifaru akafoka. Kanga hakuiona, na macho yale angeionea wapi? "Njia nyeupe kabisa!"

"Shikamoo, Bwana," akaita Mama Tunu. "Limegoma?"

"Limechanganyikiwa!"

"Hata! Gari lako lina adabu kukushinda. Limefika mlangoni kwa watu, linangoja upige hodi."

"Mimi? Barabarani?"

"Ushuke, uje mpaka hapa kwa miguu, upige hodi tatu."

"Sishuki!"

"Tii! Tii! Hatari!"

Akashuka, anahema, suti ya posa inambana.

"Hodi! Hodi! Hodi, jamani, nachelewa!"

"Karibu!" Mama Tunu akainua kwato. Kanga ikaanguka. Gari kimya.

"Ala!" akasema Kifaru.

Kesho yake akajaribu kupita bila kushuka. Tii! Siku ya tatu akapiga hodi kupitia dirishani. Tii!

"Haya, haya, nashuka! Mmenichosha nyote wawili!"

Ikawa mazoea. Mama Tunu akaianua kanga yake, akaivaa, na bado Kifaru alisimama pale kila siku, akashuka, akapiga hodi huku akinung'unika.

Asubuhi moja akasimama kama kawaida. Gari halikutoa hata mlio. Akashuka, akapita mbele ya tairi, akakanyaga kitu laini kama mkia.

"Aiii!"

Akainama mpaka pembe ikagusa vumbi. Shibiri moja kutoka kwenye tairi, Tunu alikuwa amechuchumaa akifunga kiatu.

"We... wewe nani?"

"Tunu. Shikamoo, babu."

Kifaru akaligeukia gari. "Mbona hukusema?"

Akalipiga kofi.

"Jani unasema! Kivuli unasema! Mbona huyu hukusema, we mpiga kelele?"

Akakaa vumbini na suti yake, akalia. Alikuwa na aibu, na alistahili aibu hiyo.

Mama Tunu akatoka mbio, akamkumbatia mwanawe. Alipopata pumzi akasema, "Bwana, gari lako halikuwahi kutaka hodi. Ilikuwa kanga yangu, hii hapa."

Kifaru akaisogeza kanga mpaka puani, akaitazama.

"Kumbe," akasema. "Basi kesho nitapiga hodi vilevile."

Na alipiga, mpaka alipozeeka.

Ndiyo kusema, wanangu, mashine ikupigie kelele isikupigie, kazi ya kumwangalia mwenzako barabarani ni yako mwenyewe.