Mashavu na Matikiti ya Ng'ambo

Paukwa!
Pakawa!
Aliyekwenda?
Arudi!
Arudi na nini?
Na cha kutafuna!

Basi tegeni masikio. Na wewe unayesinzia hapo mlangoni, amka, mimi sirudii.

Palikuwa na nchi mbili, na mto katikati. Upande huu Ukavuni: udongo mzuri, lakini nzige walikuwa wamekula mpaka mbegu ya mwisho. Upande ule Ng'ambo: matikiti yamelala mashambani kama mawe, ila wachimbaji hawatoshi. Basi vijana wa Ukavuni wakawa wanavuka kwenda kuchimba mashimo ya kupandia. Wanakwenda wamekonda, wanarudi wamenenepa. Lakini mikono mitupu! Kwa nini? Kwa sababu kivukoni alikaa Kiboko.

Kiboko huyu hakuchimba, hakupanda, hakuvuka. Kazi yake kufungua kinywa tu. Akitokea msafiri na kifurushi, anaibuka, bwaa!

"Kilichogusa maji yangu ni changu. Weka!"

Msafiri anaweka. Kiboko anakula, nyaku nyaku, anazama, blu-blu-blu.

Miongoni mwa wachimbaji alikuwamo Mashavu, binti panya buku. Panya buku, kama hujui, ana mifuko ndani ya mashavu ya kubebea chakula, na ya huyu ilikuwa mikubwa kuliko ya ukoo mzima. Siku anaondoka, mama yake alimwambia, "Mwanangu, masika yakinikuta sina cha kupanda, nitafunga virago kama wengine. Na kwa miguu yangu hii, mto ule sitauvuka. Maji yatanibeba."

Maneno hayo Mashavu hakuyasahau. Mawingu ya masika yalipoanza kujikusanya, akajaza mbegu za tikiti shavu la kulia, akajaza la kushoto, akashika njia ya nyumbani. Mikono mitupu, kama wenzake.

Bwaa! Kiboko huyo.

"Una nini?"

Mashavu akatikisa kichwa.

"Na salamu yangu iko wapi? Kwenu hamfundishwi adabu?"

Lo! Mtoto aliyelelewa akalelewa hampiti mkubwa bila kumwamkia. Mashavu akajaribu, "Shhhi... khha..." Prrrr! Mbegu zikamwagika zote.

"Marahaba!" akasema Kiboko, akazilamba pamoja na mchanga.

Mashavu akakaa ukingoni analia kwa hasira. Hapo akamwona Kiboko anapanda nchi kavu, anageuza makalio kwenye kichaka, na mkia unafanya kazi: pwata pwata pwata! Mavi huku, mavi kule. Ndivyo Kiboko anavyotia alama ya mpaka wake. Penye mavi yake ni pake, na hakuna wa kubisha.

Alipoondoka, Mashavu akasogea, pua ameibana. Katikati ya mavi makavu ya siku zilizopita akaona mbegu moja ya tikiti, nzima kabisa, imechomoza kijani. Machozi yakakauka.

"Alaa!" akasema. "Kumbe ndiye mpagazi mwenyewe!"

Akarudi Ng'ambo mbio. Akaomba ujira wake wote kwa matikiti yaliyoiva mpaka yanapasuka. Wenzake wakamcheka. "We Mashavu, unakwenda kumlisha Kiboko?"

"Ndiyo. Mpaka ashibe."

Akayatia matikiti mtoni yaelee, anayasukuma kwa pua, anaita kwa sauti, "Shikamoo, babu Kiboko!"

Bwaa! "Marahaba! Na hayo?"

"Matikiti ya mama yangu, babu. Ukila, nakuomba utafune pole pole, na mbegu uziteme."

"Niteme? Kilichogusa maji yangu nikiteme? Mbegu zangu, maganda yangu, yote yangu!" Gubu! Likaenda la kwanza. Gubu! La pili. Hakutafuna hata moja, mlafi yule, mpaka mto ukabaki mtupu.

"Haya," akasema Mashavu, "majini ni kwako, nimekubali. Lakini kule mashambani kwetu, babu, alama yako sijawahi kuiona hata moja."

Kiboko akasimamisha masikio. "Hujaiona? Nitangulie!"

Akapanda ukingo, du, du, du, mpaka Ukavuni. Akalizunguka shamba la kwanza, pwata pwata! La pili, pwata pwata! Siku nzima, na ya pili yake, hakubakiza tuta.

Mama Mashavu akatoka mlangoni, pua ameiziba kwa kanga. "Mwanangu! Umekaa ugenini muda wote huo, zawadi yenyewe ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, mama. Usifagie. Ngoja mvua."

Mvua ikanyesha, chwaaa! Mashamba yakatambaa kijani, kijani kikazaa matikiti. Mama akafungua virago vyake akavitumia kubebea mavuno. Ya Ng'ambo yalipokwisha msimu, watu wa Ng'ambo nao wakavuka kuja kula Ukavuni, wakaja na mbegu za kunde na za bamia. Ngoma ikalia pande zote mbili.

Kiboko akasikia, akaja anahema. "Simameni! Alama zangu zimo humu. Haya yote ni yangu!"

Mashavu akapanda juu ya tikiti kubwa kuliko yote.

"Shikamoo, babu. Umesema kweli tupu. Mavi ni yako, matikiti ni yetu. Chukua yaliyo yako, utuachie yetu."

Kicheko! Mama Mashavu akacheka mpaka akaketi chini. Kiboko akageuka, du, du, du, akajitosa. Tangu siku hiyo anakaa majini, ametoa macho na masikio tu. Msafiri akipita na kifurushi akamwambia, "Karibu ule, babu, mbegu usiteme," anazama, blu-blu-blu.

Funzo? Mnataka funzo, haya. Kuweni walafi. Msilime, msisafiri, kaeni njiani mmeze vya watu, kwani bila mlafi Ukavuni wangepata wapi maendeleo? Tena mshike ukweli, kama Mashavu, ambaye hakumdanganya mtu hata kwa neno moja.

Ngano yangu imeshavuka. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aimeze nzima. Itaota tu.